Waya wa Arlene Kwenye Mkia wa Ndege

Shamba la Tesch,
Barabara ya Kinamasi,
Antigo, Wisconsin.

1 Juni, 1986

Mpendwa mpwa wangu Lorna,

Salamu zangu zikufikie huko Alaska kabla mbu hawajazinyonya njiani. Nasikia mbu wa huko ni wakubwa, ila mimi sibabaiki. Wa kwetu mwaka juzi walimbeba ndama wa jirani, wakamrudisha asubuhi kwa kuwa alikuwa amekonda.

U hali gani, mwanangu? Kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya msiba kimekuachia? Na mikono je, bado inapasuka kwa baridi na petroli? Usinunue vikopo vya dukani. Paka yale mafuta tunayowapaka ng'ombe kwenye viwele. Mimi nayapaka tangu nina miaka kumi, na mpaka leo nikishika kikaango cha moto ni kikaango kinachoungua.

Sisi huku tuna uzima. Mkaza mjomba wako Bernadine anasumbuliwa na magoti, lakini mdomo haujambo. Viazi vimeshapandwa. Mvua inakuja kwa adabu mwaka huu.

Mama yako tulimzika mwisho wa Aprili, ardhi ilipokubali jembe. Najua uliumia kukosa siku ile, na hakuna anayekulaumu. Anayetengeneza ndege za wavuvi hawezi kuziacha msimu ukiwa mlangoni. Tangu Januari alikuwa amelazwa kwenye kile chumba cha mawe cha makaburini pamoja na wenzake waliofariki baridi ile, wakingoja theluji iondoke. Kila Jumamosi baba yako alikwenda kusimama mlangoni pa chumba kile, kofia mkononi. Nilimwambia shemeji, utapoteza masikio kwa baridi. Akasema ana mawili.

Sasa Lorna, nimekuzungusha vya kutosha. Nina jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Baba yako amemaliza ile ndege, na Jumapili ya tarehe 22, siku ya chapati za maji pale kwenye uwanja wa ndege, anataka kuirusha. Mkia wake umefungwa kwa waya wa mashada.

Nimejaribu simu. Kwenye karakana yenu alipokea mtu ambaye sauti yake ilikuwa kama nyama inayokaangwa, akasema uko mtoni kwa wiki nzima, kisha simu ikakatika. Kwa hiyo naandika, na mwandiko wangu unaujua. Mimi shule niliiacha darasa la nane, baada ya mwalimu kuona kwamba hana jipya la kunifundisha.

Wewe ndiye fundi wa ndege katika ukoo huu, na mambo haya unayajua kuliko mimi. Hata hivyo niache niyaeleze kwa maneno yangu, uone kama nimeyaelewa au nimedandia tu. Ndege ya baba yako ni ile ndogo ya kiti kimoja, mabomba na kitambaa, injini ameing'oa kwenye pikipiki ya theluji. Ndege ndogo namna ile serikali haiikagui wala haimdai mtu leseni. Ukitaka kufa, ni wewe na Mungu wako. Kutoka kwenye fimbo ya kuongozea zinakwenda kamba mbili za chuma hadi kwenye lile bawa dogo la mkiani linalopanda na kushuka. Kila kamba ina kikazio, kile kibomba cha shaba ambacho ukikizungusha kamba inakaza. Na kikazio, kwa kuwa injini inakitikisa, kinaweza kujizungusha chenyewe kikalegea. Ndiyo maana kina tundu katikati, na tunduni unapita waya unaosokotwa na kufungwa huku na huku, kikazio kikose pa kwenda. Waya ukikatika, kikazio kinafunguka kidogo kidogo, kamba inaachia, na mtu yuko juu ya viazi ameshika fimbo isiyoshika kitu.

Je, nimesema sawasawa? Basi ujue sijalala vizuri.

Ilikuwaje mpaka waya wa mashada ukafika mkiani? Unakijua kile chama chao cha warusha ndege pale uwanjani, na unaijua desturi yao. Kila aliyetia mkono kwenye ndege, hata kama alishika taa tu, lazima asokote waya mmoja kwa mkono wake kabla ndege haijatoka bandani. Mimi nilisokota wa tangi la mafuta. Kweli, Casimir Wojcik, mwenyekiti wao, aliukata nilipogeuka akasokota upya, lakini ule ulikuwa wivu. Mama yako walimpa heshima ya mkia. Ilikuwa Novemba, msimu wake wa mashada ya Krismasi, bado ana nguvu. Casimir akamnyooshea waya wa chama. Arlene akaukunja mara moja akaurudisha, akasema waya gani huu mgumu kama moyo wa mwenye benki. Akatoa wake mfukoni mwa aproni, ule mwembamba laini aliofungia matawi ya misonobari miaka yote, akakaa kwenye kigoda, akavifunga vikazio vyote viwili. Akaupitisha tunduni mara mbili ili uwe imara. Watu wakapiga makofi. Casimir alidhani atakuja kuubadilisha polepole bila kumvunjia mtu heshima. Kisha mama yako akaugua, na baada ya hapo nani angemwendea baba yako Wendell na koleo?

Mimi ni mtu wa waya, Lorna. Hilo hata maadui zangu hawalipingi. Uzio wangu wa seng'enge wa mwaka wa kile kimbunga kila mtu anaukumbuka. Upepo uliondoka na ghala, trekta na ng'ombe wawili, ukauacha uzio umesimama na kuku juu yake anataga. Lakini hii ya ndege ilinipiga chenga, nikaenda kwa Casimir kuuliza. Bila shaka nilimwambia nimekuja kumpima tu kama anajua. Akaokota kipande cha waya wa shada, akakikunja huku na huku mbele ya macho yangu, kikakatika kabla sijamaliza kukohoa.

"Waya wa shada umelegezwa ili utii vidole," akasema. "Ukiusokota unakubali, ukiuvuta unakubali, injini ikiutikisa unakubali, na kukatika unakubali. Sisi tunataka waya unaokubali kusokotwa, halafu ukatae mengine yote."

Nikamwambia waya kama huo ninao. Nikamletea kibiringo cha waya kinachong'aa nilichokipata kwa yule jamaa anayechomelea matangi ya kiwanda cha jibini, chuma kisichoshika kutu, kizuri kama pete. Nikaanza kuusokota palepale kumwonyesha. Ukafyatuka ukanipiga mdomoni.

"Na bado hutanyamaza," Casimir akasema. "Huo ni wa kuchomelea, Merle. Umezaliwa kuyeyuka, haukuzaliwa kufunga. Unang'aa kama ndugu yake, lakini usokote uone, ama utafyatuka ama utakatika."

Mwishowe akanikatia waya wenyewe, chuma hicho hicho kisichoshika kutu ila umepikwa ukalainishwa kiasi chake, unene wa unyoya wa nguruwe. Akaniambia wa vikazio ni huo, mwembamba zaidi ni wa vitu vidogo, mnene zaidi ni wa bolti za pangaboi, na wa shaba nyekundu ni wa kufungia mahali unapotaka ukatike wakati wa hatari. Haya yote nimeyaweka kichwani. Kumbe kujua si shida. Shida ni Wendell.

Nilimkuta kwenye banda la viazi anaipangusa ndege kama farasi. Nikamwambia, shemeji, waya wa mkiani umeoza.

"Umeshika rangi tu."

"Umeshika kutu, Wendell. Banda lina unyevu."

"Hata mimi nimeshika kutu, na bado nafanya kazi."

Nikamwomba basi tuongeze waya wa pili juu ya ule. Haiwezekani. Tundu ni dogo na Arlene alilijaza, hata unywele haupiti. Nikamwambia tuutoe kwa heshima, tuutie kwenye fremu tuutundike sebuleni karibu na picha ya harusi. Hapo akaacha kupangusa.

"Aproni yake imetundikwa, Merle. Koti lake limetundikwa. Vitu vyake vyote viko ukutani vinaning'inia. Ule waya ndiyo kazi yake pekee ambayo bado anaifanya."

Nikavaa kofia nikaenda zangu, na mimi kuondoka mapema mahali unajua ni habari ya kuandikwa gazetini.

Mwanangu, nakupigia magoti. Mwandikie baba yako. Mimi na maneno yangu amenizoea, lakini wewe ni mtoto wa Arlene na ni fundi. Mwambie asubiri. Dada nimeshamzika, na hata majani hayajaota pale juu. Sina nguvu ya kumzika na mume wake kabla ya mavuno.

*

4 Juni

Lorna, barua sikuipeleka posta. Mambo yamegeuka, na sijui kama yamegeukia heri au shari. Soma mpaka mwisho kabla hujasema kitu.

Jumatatu Casimir na wenzake walikwenda kwa baba yako wakamwambia wazi, ule waya usipotoka, ndege haikanyagi uwanja wao. Wendell akawajibu kwamba shamba lake la viazi ni pana kuliko uwanja wao, na chapati zao hajawahi kuzipenda. Akafunga banda kwa kufuli. Ufunguo mmoja akabaki nao, wa pili akanipa mimi. Mbele yao akasema, huyu ni ndugu yake Arlene, nyinyi ni watu wa njiani. Nilitamani ardhi inimeze.

Jana alikwenda mjini kutafuta mafuta ya injini. Nikachukua koleo la kukatia na waya wa Casimir, nikafungua banda. Nia yangu ilikuwa kukata na kufunga, akirudi akute yamekwisha, aninyonge akitaka. Nikainama mkiani. Lorna, unakumbuka mama yako alikuwa wa mkono wa kushoto? Misokoto yake yote inakwenda kinyume na ya watu wengine. Nilipoiona pale, imelala upande wake ule ule wa tangu utotoni, kama kamba za viatu alizokuwa akinifungia tukienda shule, koleo likanilemea. Mimi niliyembeba fahali aliyevunjika mguu nikavuka naye mto, nilishindwa na koleo la wakia chache.

Ndivyo Wendell alivyonikuta. Alikuwa amesahau pochi.

"Ulitaka kuniibia."

"Nilitaka usife."

Hakunipiga. Alikaa kwenye kile kigoda cha mama yako, mikono katikati ya magoti. Nikaona bora anifukuze nikiwa nimesema. Nikamwuliza, Wendell, kila Novemba Arlene alikuwa anafanya nini kabla hajagusa tawi la kwanza? Nikamwambia, alikuwa anakupa kibiringo kilichobaki cha mwaka uliopita ukakitupe. Hata kama kimejaa, hata ukimbishia kwamba ni hasara. Waya uliokaa kiangazi kizima hakuutia kwenye shada, alisema utakatika mlangoni pa watu na jina litakuwa lake. Shada la dola chache hakulifungia waya wa zamani. Leo anakufungia wewe?

Kuku waliingia wakatoka. Kisha Wendell akanyoosha mkono akaugusa ule waya kwa kidole, kidole kikarudi kimekuwa chekundu. Akakitazama.

"Huu ni wa mwaka jana," akasema.

Sauti yake sitaki kuisikia tena.

Akaniambia nikate mimi, yeye hawezi. Nikakata. Wa kwanza haukungoja hata koleo liume, uliachia nilipoushika. Ulikuwa umeliwa ndani ya tundu mahali ambapo macho hayafiki, Lorna. Wendell aliona.

Nikapumua, nikadhani Mungu ametenda. Nikamwambia sasa nakwenda kumwita Casimir aje afunge vizuri. Akasimama.

"Casimir haingii humu. Funga wewe."

"Shemeji, mimi ni wa seng'enge."

"Wewe ni damu yake. Na si wewe uliyemfunga dubu kwa waya wa kufungia nyasi, ukamwacha kwenye mti mpaka polisi wakaja? Miaka ishirini unanisimulia. Basi funga."

Nilitafuta uso wake nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki, mwanangu. Mtu huyu amecheza karata nami maisha yake yote, na kila nikifungua mdomo anasema huyo ameanza. Siku aliyoamua kuniamini ikawa jana. Kuhusu dubu, dubu alikuwepo na waya ulikuwepo. Nani alimfunga nani, tuyaache.

Nikafunga. Waya wa kwanza niliusokota mno, nikaona niukaze zaidi kidogo, ukakatika mkononi. Mwingine ulilegea kama soksi. Nikarudia mpaka misokoto ikakaa sawa, si mingi si michache, ncha nikaikunja ndani isimkwaruze mtu. Nilitazama upande wa kuvuta, ili waya uvute kikazio kikaze, usikifungue, kama Casimir alivyonieleza. Nadhani nilitazama. Nikiwa pale niliona wazi, leo nikifumba macho sioni tena.

Wendell hakukagua. Alipitisha kiganja juu yake kama anayempapasa mbwa, akasema, "Kama umefunga wewe, yatosha." Akanirudisha nje, akafunga banda, na ule ufunguo wangu akauchukua. Anasema hakuna mkono mwingine utakaogusa mkia ule mpaka tarehe 22, na ataruka kutoka kwenye viazi.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nimekwenda kwa Casimir nimevua kofia. Mimi. Nikamsokotea kipande pale mezani kwake, waya ule ule, mikono ile ile, nikamwambia sema. Akakigeuza kwenye dirisha.

"Kipande hiki ni kizuri," akasema. "Lakini Wendell haruki na hiki. Kile cha mkiani sijakiona, na sitii mdomo wangu kwenye nisichokiona. Mpigie yule binti yake magoti. Baba hawezi kumfungia mtoto wa Arlene mlango."

Ndicho ninachofanya. Pesa za nauli Bernadine ametuma leo kwa njia ya posta, usibishane naye. Kama unaweza kufika kabla ya tarehe 22, njoo, hata kwa siku moja. Ingia bandani na kioo chako kidogo na taa yako, utazame. Kama wavuvi hawatakuachia, mwandikie baba yako wewe mwenyewe, umwambie asubiri mpaka msimu uishe. Mwambie ni wewe unayesema, usimtaje mjomba.

Ndani ya bahasha nimeweka vipande viwili vilivyofungwa kwenye kitambaa. Chekundu ni cha mama yako, nimekiokota sakafuni Wendell alipogeuka. Kitunze. Cheupe ni changu, ndugu wa kile cha mkiani. Kivunje. Kikaze kwenye jiriwa, kivute, kikunje, kitikise, kifanyie kila ubaya unaoujua, usinionee huruma hata kidogo. Kikikatika, tuma simu ya maandishi hapa kanisani, neno moja tu, nitakwenda kulala mbele ya tairi za ile ndege. Na mimi nina kilo mia na ishirini, haitanivuka.

Bernadine anakusalimu sana, amekutilia biskuti za tangawizi kwenye kifurushi kingine. Msalimie mwenye nyumba wako, bibi yule wa Dillingham aliyetutumia samaki wa moshi wakati wa msiba. Casimir naye anakusalimu, anasema kiti chako cha chapati kipo. Baba yako hajui kama naandika, lakini asubuhi nimemwona amesimama karibu na sanduku la barua kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kwa hiyo zihesabu hizo kuwa salamu zake.

Mungu aitie nguvu mikono yako wiki hii kuliko wiki zote, Lorna, halafu waya wangu uishinde.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,

Merle Tesch